Mwaka Nchi Ilipofiwa, Mimi Nikarudi Darasani

Mtu akiniuliza mwaka 2021 ulikuwaje kwetu Tanzania, najua anangoja nitaje misiba. Nitaitaja, kwa sababu ilinikuta macho, redio iko sikioni na mtoto yuko kifuani. Lakini mwaka uleule uliozika viongozi wa nchi hii mmoja baada ya mwingine ndio ulionirudisha mimi shuleni. Januari yake nilikuwa binti wa miaka 17 niliyefukuzwa kidato cha tatu, mzazi mpya, nikisaidia kazi kwenye kitalu cha vitunguu cha bibi yangu hapa Malolo. Desemba yake nilikuwa kwa fundi cherehani, napimwa sare. Nautoa ushuhuda huu kwa kuwa wako mabinti wanaohitaji kuusikia kutoka kwa mwenzao aliyepita hapo, na wako wazazi wanaodhani mambo ya redioni hayafiki majumbani mwao.

Kwa asiyepajua, Malolo ni kata ya wilaya ya Kilosa, jimbo la Mikumi, pembezoni kabisa mwa mkoa wa Morogoro, upande wa Mto Ruaha Mkuu unaotutenga na Iringa. Anayepanda basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya hukatiza Hifadhi ya Mikumi, hushuka kwenye bonde la mibuyu, na kabla hajaanza kupanda Kitonga hukutana na wauza vitunguu wamejipanga kando ya lami pale Ruaha Mbuyuni. Vingine kati ya vitunguu hivyo ni jasho letu. Tuna skimu ya umwagiliaji ya Mwega. Mvua zikinyesha tunalima mpunga, kiangazi kikiingia tunafungulia maji kwenye majaruba ya vitunguu. Maji yana zamu, na zamu ikikuangukia saa nane usiku unaamka saa nane usiku.

Nilianza kidato cha kwanza Januari 2018. Bibi hakulipa ada, maana tangu Januari 2016 Serikali ya Rais John Magufuli ilikuwa imefuta ada kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne. Wasiokumbuka zamani huliona hilo jambo dogo. Nyumbani kwetu sekondari ilikuwa ya watoto wa kiume, tena kwa zamu: mmoja akimaliza, anayefuata anasubiri magunia yauzwe. Mama yangu mzazi aliishia darasa la saba kwa sababu mwaka ule bei ya vitunguu ilianguka. Mimi ndiye binti wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa sketi ya sekondari, na aliyenivalisha, ukitaka kusema kweli, ni ile sera.

Lakini kiongozi yuleyule, tarehe 22 Juni 2017, akiwa Chalinze mkoani Pwani, alitamka mbele ya mkutano wa hadhara kwamba katika utawala wake msichana aliyepata mimba hatarudi shuleni. Chalinze iko kwenye barabara yetu. Lori linalopakia vitunguu huku jioni hupita Chalinze usiku likiwahi soko la Dar es Salaam alfajiri. Vitunguu vikishuka, ile kauli ilipanda. Nilikuwa darasa la saba, miezi michache kabla ya mtihani, na walimu walitusomea habari hiyo mstarini. Nilipiga makofi pamoja na wenzangu. Tuliona inawahusu wasichana wengine, wakorofi, wa mahali pengine.

Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, Serikali ilifunga shule. Tulikaa nyumbani hadi Juni 29. Mwenye shamba hamwachi mtoto mkubwa akae bure, kwa hiyo wengi wetu tuliingia vibarua: kupandikiza, kupalilia, kuchambua. Msimu ule vijana wa mbali walijaa kijijini kutafuta kazi. Habari za mwanamume aliyenipa mimba sitazieleza. Alikuwa mtu mzima, alijua mimi ni mwanafunzi, na alitoweka kabla tumbo halijaonekana. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 ingempa kifungo cha miaka 30, lakini mpaka sasa haijamwona.

Shule zilipofunguliwa wasichana tulipangwa mstari, tukapewa vikopo vya mkojo tupimwe mimba. Shule yenyewe sitaitaja, na wala haikuwa peke yake. Ndivyo ilivyokuwa ikifanyika sehemu nyingi. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa la kimaadili, na mimba ilitiwa kwenye kapu hilo. Bibi aliitwa, akapewa barua iliyopigwa muhuri. Hajui kusoma, akanipa mimi nimsomee. Nilimsomea barua ya kufukuzwa kwangu mwenyewe, tumesimama chini ya mwembe wa shule, naye akasikiliza hadi mwisho akauliza, "Basi?" Nikamjibu, "Basi, bibi." Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga mahali anapofungia hela.

Nyumbani maneno yalikuwa ya kawaida ya nyumba kama zetu. Mjomba alisema binti aliyekwisha kuzaa hana tena cha kusoma, atafutiwe mume mapema kabla hajazoeleka. Mama mkubwa alisema nipelekwe Dar es Salaam nikafanye kazi za ndani. Bibi hakusema kitu. Aliniandalia tuta la kuatikia mbegu, akaniambia hilo ni langu, likitoa miche mizuri hela yake ni yangu. Mtoto alizaliwa Januari 2021. Ni wa kike.

Ndivyo mwaka ulivyonikuta: nimelala kitandani mwa bibi, sina ratiba, sina kengele. Nilichokuwa nacho ni redio ndogo ya betri. Mtu anayenyonyesha usiku hupata nafasi kubwa ya kusikiliza habari, na Februari habari zikaanza kuja nzito.

Tarehe 17 Februari ilitangazwa kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, amefariki katika Hospitali ya Taifa Muhimbili akiwa na miaka 77. Chama chake cha ACT Wazalendo kilikuwa kimetangaza wiki kadhaa nyuma kwamba ana korona, jambo ambalo wakati ule viongozi wengi hawakulitamka hadharani. Watu wa Pemba walimzika kwao Mtambwe. Siku hiyohiyo akafariki Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi, huko Dodoma. Vigogo wawili, siku moja. Bibi, ambaye hesabu zake zote ni za mbegu na magunia, alinyanyua kichwa akauliza, "Tarehe ngapi leo?" Nikamwambia. Akasema nyumba inayofiwa mara mbili kwa siku moja ijiandae.

Machi ikaingia na minong'ono. Rais alikuwa ameonekana hadharani kwa mara ya mwisho tarehe 27 Februari, na kadiri siku zilivyokwenda, swali lilihama midomoni likaingia machoni. Kwenye foleni ya mashine ya kukoboa, mtu akisema "huyu mzee yuko wapi?" wenzake walitazama pembeni. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alisema akiwa Njombe kwamba Rais ni mzima na anachapa kazi. Tukanyamaza.

Usiku wa tarehe 17 Machi, ikikaribia saa sita, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nanyonyesha. Redio ikabadilika ghafla, kisha ikaja sauti ya Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, ya polepole, akilitangazia taifa kwamba Rais Magufuli amefariki jioni ile katika Hospitali ya Mzena, Dar es Salaam, kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na miaka 61. Kabla yake hapakuwa na Rais wa Tanzania aliyewahi kufia madarakani, kwa hiyo hata watangazaji hawakuwa na mfano wa kufuata. Nilimwamsha bibi. Nyumba ya pili nikasikia mlango, ya tatu nikasikia mwanamke akipiga yowe. Kesho yake ilikuwa mwaka na siku moja tangu shule zifungwe kwa korona. Niliigundua tarehe hiyo asubuhi, nikiwa nanyeshea miche.

Nililia. Naliweka hili wazi kwa sababu limeniletea maswali kwa watu wa pande zote. Bibi alinitazama nalia, akanitania kama anavyonitania siku zote, ila safari hii sauti haikuwa na utani: "Mke mwenzangu, na wewe unalia? Si ndiye aliyesema usirudi?"

Nikamjibu, "Ndiye aliyesema nisome bure, bibi."

Mpaka leo sijapata maneno bora kuliko hayo. Wako watu wanaotaka nimchukie marehemu ili ushuhuda wangu unyooke. Wako wengine wanaotaka nimsifu bila kutaja Chalinze, kwa kuwa maiti hasemwi. Mimi nilifunguliwa mlango na mkono mmoja, na mkono huohuo ukanifungia. Vyote viwili ni kweli, na nimejifunza kuvitaja vyote viwili kwa pumzi moja bila kumkosea heshima mtu yeyote. Hilo ndilo badiliko la kwanza lililonipata mwaka ule, kabla hata ya habari ya shule: niliacha kugawa viongozi katika wema na wabaya, nikaanza kuuliza kila tamko lao linaingia katika nyumba ya nani.

Tarehe 19 Machi Samia aliapishwa Ikulu, Dar es Salaam, mwanamke wa kwanza kuwa Rais wa nchi yetu. Akatangaza maombolezo ya siku 21. Wiki ile kazi shambani zilisimama nusu. Mjomba alinichukua hadi barabara kuu tukatazame televisheni kwenye mgahawa, mabasi yamesimama, madereva na abiria wamejazana mlangoni. Tuliona jeneza likizungushwa Uwanja wa Uhuru, watu wanatandaza kanga na mashati chini lipite juu yake. Baadaye ikatangazwa kwamba Machi 21, katika msongamano wa kuaga pale uwanjani, walikufa watu 45. Walikwenda kumlilia mtu, wakaliliwa. Mwili ulipelekwa Dodoma, ukavuka kwenda Zanzibar, ukarudi Mwanza, na tarehe 26 ukazikwa Chato. Mgahawani pale hapakuwa na aliyekula. Mama mwenye mgahawa aligawa chai bure, akakataa hela za watu.

Baada ya hapo ikaja kazi. Aprili na Mei tulipandikiza. Ukitaka kujua kupandikiza vitunguu ni nini, chukua mche mwembamba kuliko jani la nyasi za uwanda, uupunguze ncha, uuchomeke kwenye tope kwa kidole gumba, kisha wa pili, kisha wa tatu, nyuma yako jaruba zima linakungoja na mgongoni una mtoto. Usiku wa zamu ya maji bibi alibeba tochi na jembe, mimi nikabeba mtoto, maana hakuna aliyebaki wa kumwachia. Hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo wanaojadili elimu ya mabinti mara nyingi hulipita haraka: kwa mzazi mdogo, swali la kwanza si kama shule itampokea. Ni nani atabaki na mtoto.

Julai vitunguu vilianza kukomaa na tarehe 15 ya mwezi huo Serikali ikaanza kutoza tozo kwenye miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi. Wanunuzi wetu wako Dar es Salaam na hulipa kwa simu. Dalali akageuza kibao: ukitaka hela kwa simu, tozo unabeba wewe, na gunia ni lumbesa vilevile, limefumwa nyavu juu hadi linafanana na mtu aliyebeba mtu. Kelele zilikuwa nyingi nchi nzima, Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Bibi hakusubiri. Alipanda lori pamoja na magunia yake, akarudi na noti amezifunga tumboni.

Misiba nayo haikukatika. Julai 22 alifariki Anna Mghwira, mwanamke pekee aliyegombea urais mwaka 2015 na baadaye mkuu wa mkoa wa Kilimanjaro. Usiku wa Agosti 2 akafariki Waziri wa Ulinzi, Elias Kwandikwa. Septemba akateuliwa Dk. Stergomena Tax kukaa kwenye kiti hicho, mwanamke wa kwanza. Mwezi huohuo, tarehe 27, akafariki William Ole Nasha, mbunge wa Ngorongoro, ambaye miaka ya nyuma alikuwa naibu waziri wa elimu. Kila jina nililisikia nikiwa na kitu mkononi: jembe, beseni, nepi. Katikati ya misiba hiyo, Julai 28, Rais akachomwa chanjo ya UVIKO-19 mbele ya kamera, na nchi iliyokuwa imezoea kutoitaja korona ikaanza kubishana kuhusu dozi zaidi ya milioni moja zilizokuja kutoka Marekani. Kwetu walianza wazee. Bibi alichanja, akarudi akasema sindano ni sindano, yeye amezaa watoto nyumbani bila mkunga.

Jirani yetu ni mwalimu mstaafu. Ndiye aliyekuwa akinipa vitabu vya zamani, na ndiye aliyenifundisha kusikiliza taarifa ya habari kwa penseli. Siku moja, nadhani ilikuwa Agosti, nilimpelekea maji, nikamwamkia, akaitikia na kuniuliza kama ningepewa nafasi ningerudi. Nikamwambia nafasi hiyo haipo. Akaniambia Zanzibar ipo tangu mwaka 2010, mabinti wanajifungua na wanarudi, na bahari haijakauka. Kenya nako ipo tangu miaka ya 1990. Kisha akanieleza habari ya Benki ya Dunia: Machi 2020 iliidhinisha mkopo wa dola milioni 500 kwa elimu ya sekondari nchini, baada ya kuuchelewesha kwa sababu hiihii ya mabinti waliofukuzwa. "Usidhani wewe ni habari ya Malolo," aliniambia. "Wewe ni habari iliyojadiliwa Washington." Nilicheka, nikaona anazeeka vibaya.

Oktoba 7, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyeondoka akiwa kijana, akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mwalimu alifurahi kama aliyeoza binti. Siku tatu baadaye Rais alizindua Dodoma mpango wa kutumia shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ilikuwa kujenga madarasa 12,000 ya sekondari ili Januari watoto wote waliofaulu waingie kidato cha kwanza kwa pamoja. Hapo ndipo habari za redio zilipoacha kuwa za redio. Kokoto zilimwagwa katika shule yetu. Fundi alitafuta vibarua wa kuchota maji ya zege, na mimi nikaenda, kwa kuwa hela ya mtoto haikutosha.

Nilichota maji kwa ndoo kutoka mferejini hadi kwenye msingi wa darasa ambalo nilikatazwa kukalia. Mapumziko yakigongwa, wenzangu wa zamani, sasa kidato cha nne, walitoka kusimama kivulini wakanikuta nimejitwika ndoo. Wengine walinisalimia. Wengine walitazama vitabu vyao. Sikuwa na kinyongo nao. Nilikuwa nasoma kuta. Dirishani mwa darasa la zamani niliweza kuona ubao, na siku moja palikuwa na swali la hesabu ya maumbo ambalo nililitatua kichwani nikiwa njiani kurudi mferejini. Nilipofika nilikuta nimeisahau ndoo.

Jumatano, Novemba 24, 2021, Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza Dodoma kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, wanaweza kurudi katika shule za Serikali. Waraka ukafuata. Mimi nilikuwa kwenye zege, sikusikia. Mwalimu mstaafu alikuja kwa miguu hadi eneo la ujenzi, mzee wa fimbo, akasimama kwenye mchanga akaniita jina langu la shule, lile refu lenye ubini, ambalo hakuna aliyeniita nalo kwa zaidi ya mwaka. Kijijini nilikuwa Mama Fulani tu. Akasema, "Weka ndoo chini."

Sikuamini hadi nilipoisikia mwenyewe saa mbili usiku. Niliisikiliza tena saa tatu. Bibi aliuliza ndiyo nini, nikamweleza, akauliza tena swali lake la chini ya mwembe, "Basi?" Nikamwambia, "Naruhusiwa kurudi." Akanyamaza kitambo, kisha akasema mtoto atabaki naye.

Wepesi wa sentensi hiyo usikudanganye. Bibi ni mkulima. Kubaki na mtoto wa mwaka mmoja maana yake ni kupunguza majaruba. Msimu uliofuata alilima nusu ya eneo lake, nusu akamkodishia mtu. Mjomba aligomba, akasema tunaharibu shamba kwa ajili ya ndoto. Bibi akamjibu kwamba shamba ni lake na ndoto pia ni yake, yeye ndiye aliyeota kwanza, mwaka ambao mama yangu alikosa nafasi. Ukitaka kujua nani alinirudisha shuleni, Serikali ilitoa ruhusa na bibi akatoa nusu shamba. Ruhusa bila shamba ingebaki redioni. Shamba bila ruhusa ndilo lililokuwapo siku zote, na halikumsaidia binti yeyote kabla yangu.

Mkuu wa shule alinipokea Desemba kwa heshima, ingawa hakuwa amezoea. Alisema anasubiri maelekezo ya wilaya, nikaenda tena, akanipa fomu. Utaratibu ulikuwa unataka urudi ndani ya miaka miwili tangu uache, nami nilikuwa bado ndani ya muda. Bibi alipiga dole gumba. Shule zilifunguliwa Januari 17, 2022. Tarehe 17 tena, bibi aliona kabla yangu, safari hii akatabasamu.

Nilianza upya kidato cha tatu, na wanafunzi niliowaacha kidato cha kwanza. Sitapamba. Miezi ya mwanzo maziwa yalikuwa yanajaa ifikapo saa nne, nikawa navaa sweta kwenye joto la bondeni. Kuna kijana aliyeniita "mama" kila nilipoinua mkono kujibu swali, hadi siku aliponiomba nimwelekeze kemia. Tangu hapo akaniita dada. Mwalimu wa malezi alinipa ruhusa ya kutoka mapumziko nikanyonyeshe, bibi akawa anakuja na mtoto hadi nyuma ya jiko la shule. Hakuna waraka uliosema hivyo. Ni ubinadamu wa mwalimu mmoja. Shule ya pili yake huenda mwalimu huyo hayupo, na binti wa huko ataacha tena, na takwimu zitasema alirudi akashindwa.

Novemba 2023 nilifanya mtihani wa kidato cha nne. Matokeo yalipotoka Januari 2024 nilipata daraja la tatu. Leo nasomea kilimo katika chuo cha Ilonga, hukuhuku Kilosa, na nikirudi likizo mimi ndiye ninayembishia mjomba kuhusu mbolea na nafasi kati ya mche na mche. Mara nyingine ananisikiliza. Binti yangu ameanza shule.

Nimebadilika wapi, basi? Zamani nilidhani maisha yangu yako huku na nchi iko kule, redioni, na kati yetu kuna barabara ya vumbi. Mwaka 2021 ulinionyesha kwamba sentensi moja iliyosemwa Chalinze ilikaa kwenye kopo langu la mkojo, mkopo uliosainiwa ng'ambo ulikuwa kwenye ndoo yangu ya maji, na tamko la Dodoma lilinikuta na zege mikononi. Kwa hiyo siku hizi sisikilizi habari za wakubwa kama anayesikiliza hadithi. Kiongozi akifa namlilia, kwa kuwa ni mtu na ana watu wake, kisha nakaa chini kuangalia alichokiacha kwenye nyumba yetu, kizuri na kigumu. Kiongozi akiingia nampongeza, kisha nasubiri waraka.

Na waraka wenyewe nauangalia kwa jicho pevu. Zuio lilikuja kwa tamko la jukwaani, ruhusa ikaja kwa kalamu ya wizara. Kilichokuja kwa kalamu kinaweza kuondoka kwa kalamu. Tungependa kikae kwenye sheria, mahali ambapo hakitegemei nani ameamkia ofisi gani.

Kwa binti unayesoma haya, au unayesomewa: ukikatishwa masomo usikae ukahesabu aibu, hesabu miezi, kwa sababu utaratibu una muda wake. Nenda shuleni na mzazi au mlezi, omba fomu, na wakikwambia usubiri, uliza usubiri hadi lini. Barua yako ya kufukuzwa itunze; ndiyo inayoonyesha uliondoka lini. Ukiona ya kwenu hayaendi, ulizia vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, nako kuna njia. Na kwa mjomba, shangazi na bibi wa binti huyo: mkisikia redioni kwamba mlango umefunguliwa, swali lililobaki ni lenu. Nani atabaki na mtoto? Kwetu alijibu mwanamke asiyejua kusoma, na alijibu kabla chai haijapoa.